Somo: Picha zimepotea kwenye kadi au flashi? Usifomati, fata hatua hizi kwanza

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Unguja na Pemba. Kila ukiingia Mfunguo Mosi harusi zinafatana, na zikishafatana harusi basi naletewa memori kadi ambazo picha zote hazimo, na kinachoniuma khasa ni kwamba mara nyingi picha zilikuwa zinaokoka, zimeuliwa na hangaika ya baadae. Mtu kaona kadi tupu, kapiga picha nyengine kujaribu kama inafanya kazi, au kaipeleka kwa mtu madukani na yule naye cha mwanzo kafomati.

Tuelewane hapa kabla ya yote. Ukifuta picha, picha yenyewe haitoki kwenye kadi. Kinachofutwa ni kumbukumbu inayosema faili fulani limekaa sehemu fulani, ile sehemu sasa inahesabika iko wazi lakini data bado zimo mpaka kije kitu chengine kiandikwe juu yake. Kikishaandikwa juu yake hakuna tena programu ya kurejesha, iwe ya bure au ya pesa. Kwa hivyo somo zima ni hili: usiandike chochote kwenye kadi mpaka umalize.

HATUA YA 1. Toa kadi kwenye kamera. SD kadi ile kubwa ina kijiswichi ubavuni kimeandikwa Lock, kisogeze upande huo. Ukichomeka kwenye kompyuta ikakwambia lazima ufomati diski ndo uitumie, bonyeza Cancel. Itakwambia tena, bonyeza Cancel tena.

HATUA YA 2. Hakikisha kwanza kama vitu vimepotea kweli au vimefichwa tu. Hii ni zaidi kwa flashi, umeenda steshenari kuprinti, umerudi nyumbani mafolda yote yamegeuka shotikati. Hicho ni kirusi, kinaficha mafolda yako kinaeka shotikati badala yake, na kila ukizibonyeza ndo unakiamsha kiingie kwenye kompyuta yako na wewe, kwa hivyo usizibonyeze. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri), andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Hiyo F ubadilishe ueke herufi ya flashi yako. Bonyeza Enter, subiri, mafolda yatarudi kuonekana. Kopi nyaraka zako tu uzieke kwenye kompyuta, mafaili yanayoishia .lnk (ndo zile shotikati) na .vbs (kirusi chenyewe) usiyaguse, ukishahakikisha vyako vyote vinafunguka ndo hapo sasa flashi fomati. Halafu skani kompyuta kwa Defender, imo ndani ya Windows 10 na 11, hulipi kitu.

HATUA YA 3. Kama havijafichwa, vimefutwa kweli au kadi imeharibika, chukua PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa. Kaitengeneza Christophe Grenier, inapatikana cgsecurity.org pamoja na ndugu yake TestDisk, ni bure moja kwa moja na haihitaji kuinstoli. Naipenda kuliko zile zinazokuonesha picha zako zote halafu ukitaka kuseva ndo zinadai dola, maana mtu keshapata uchungu tayari anatolewa pesa. Na PhotoRec inasoma tu, haiandiki kwenye kadi yako.

Extract lile zip ulilodaunilodi, fungua qphotorec_win. Juu chagua kadi yako, itambue kwa ukubwa wake, usije ukaskani hadi diski ya kompyuta. Chini yake chagua patisheni (sehemu ya kadi yenye mafaili), na kama kadi ilifomatiwa au imekorofeka chagua Whole ipitie kila sehemu. Ingia File Formats, ondoa tiki zote, rudisha jpg, na mov ambayo inachukua na video za mp4. Wapiga picha wenye raw (picha ghafi za kamera) za Canon au Nikon wekeni tiki na kwenye tif.

Pa kusevia paeke kwenye kompyuta, kamwe isiwe kadi ile ile, ukisevia humo humo unajizika mwenyewe. Bonyeza Search ukae usubiri, kadi kubwa inachukua muda, laptopu iwe na chaji ya kutosha maana umeme wetu mnaujua. Vitu utavikuta kwenye mafolda ya recup_dir, majina ya zamani yameshapotea utapanga upya kwa kuangalia. Picha kawaida zinarudi vizuri, video ndefu ndo mtihani, zikiwa zimekatika vipande kwenye kadi haziji kamili, jaribu kuzifungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, kabla hujakata tamaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Wete): Ahsante kaka, miye nimefuta kwenye simu yenyewe si kwenye kadi, PhotoRec itanisaidia?

Jibu: Hapana dada yangu, simu za siku hizi memori ya ndani imefungwa kwa siri, PhotoRec haioni kitu. Angalia tupio la Google Photos, zilizobakapiwa zinakaa siku 60 na ambazo hazijabakapiwa siku 30. Humo zikikosekana tazama kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, yupo tu alietumiwa.

Swali (Jambiani): Nimenunua flashi ya TB 1 kwa bei ya kutupa, natia muvi zinaingia vizuri lakini nyingi hazifunguki. Nirejeshe kwa PhotoRec?

Jibu: Hizo muvi hazimo ndugu yangu. Flashi nyingi za namna hiyo ni feki, ndani ina GB chache ila imedanganywa iseme TB 1. Kopi vinavyofunguka, ifute iwe tupu, halafu tumia H2testw, ni bure, inajaza flashi yote kisha inasoma tena kukwambia ngapi ni za kweli. Matokeo hayo mpelekee alokuuzia.

Swali (Chake Chake): Mimi mwalimu wa skuli, video ya somo ina GB 5, flashi ina nafasi GB 20 lakini inakataa.

Jibu: Maalim, flashi yako iko FAT32, mpangilio wa zamani wa kuekea mafaili, hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4. Toa vilivyomo, fomati kwa mpangilio wa exFAT, itakubali. Ila tivii na redio za zamani nyengine hazisomi exFAT, ijaribu kabla ya siku ya kipindi.

Swali (Fumba): Kadi yangu haionekani kabisa, hata herufi haitokei.

Jibu: Jaribu kadi rida nyengine na kompyuta nyengine, na zile sehemu za dhahabu zifute kwa kitambaa kikavu laini. Kisha fungua Disk Management (imo ndani ya Windows, inaonesha diski zote zilizochomekwa), ikionekana pale na ukubwa wake sahihi basi rudi hatua ya 3. Isipoonekana hapo, au inapata moto ukiichomeka, ichomoe, hiyo imekufa yenyewe kadi na programu haiwezi kuifikia, inataka mtu mwenye vifaa vya kusoma chipu.