Lee-Enfield ya zamani: ya kukagua kabla hujalipa

Bunduki ya Lee-Enfield iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1895. Askari wetu wa Keya (King's African Rifles) walikwenda nayo mpaka Burma, na walinzi wa kaskazini mwa Kanada, Canadian Rangers, walikabidhiwa aina ya No. 4 mwaka 1947 wakakaa nayo zaidi ya miaka 60. Leo nyingi ziko kwa walenga shabaha wenye vibali, hasa Uingereza na Kanada. Kama nawe unaitafuta moja, jua hili mapema: nyingi kati ya hizi zimechakazwa na usafishaji mbaya, chumvi na msasa kuliko risasi zilizopita ndani yake.

Suala la kibali limalizwe kwanza, halafu ndiyo uende kwa muuzaji. Ukikabidhiwa, elekeza mtutu pasipo na mtu, toa magazini, fungua bolti (chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuifunga), tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na uguse kwa kidole. Usitosheke na neno la muuzaji kwamba haina risasi.

Soma mihuri. Herufi DP maana yake bunduki ilitengwa kwa gwaride na mafunzo tu. Mara nyingi ilitengwa kwa sababu ilikuwa na kasoro, na hiyo haipigwi hata kama inang'aa. Ukiona mbao ya mbele na mtutu vimezungushiwa waya, ujue iliwahi kurusha mabomu ya bunduki, kazi inayoumiza chuma na mbao. Mimi hiyo ningeiacha.

Sasa mdomo wa mtutu. Jeshini usafi ulifanywa kwa kamba yenye kitambaa, iliyoingizwa upande wa bolti na kuvutwa itokee mbele. Askari aliyeivuta kwa pembeni, miaka nenda miaka rudi, aliuchonga mdomo mpaka ukapoteza uduara wake. Tumia tochi na kioo cha kukuzia: ukiona upande mmoja umelika, shabaha imeondoka hata kama mifereji ya ndani bado ni mikali. Upande wa nyuma, karibu na chemba, angalia mmomonyoko. Baruti ya kordaiti iliwaka kwa joto kali sana na ilianza kula hapo.

Chumvi nayo haionekani kwa mnunuzi. Fataki (viwashio vidogo kwenye kitako cha risasi) za risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na kloreti ya potasiamu, na zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Aliyekulia pwani anajua chumvi inavyoyafanya mabati. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, na kutu inaendelea chini yake. Kinachoiyeyusha ni maji. Ndiyo maana askari wa Kiingereza walimimina maji ya moto kwa faneli, wakakausha, kisha wakapaka mafuta. Ukipiga risasi za aina hiyo, fanya hivyo siku ileile.

Kwenye bolti, linganisha namba yake na ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, huenda bolti ni ya kuokoteza, na nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi inaweza kuwa imezidi. Fundi wa silaha aipime kwa geji. No. 4 ina vichwa vya bolti vya namba 0 hadi 3 ili kurekebisha nafasi hiyo, lakini kazi hiyo si ya kubahatisha nyumbani. Dalili utaiona kwenye maganda yaliyopigwa: mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako. Ingiza ndani kibanio cha karatasi kilichonyooshwa na kupindwa ncha, ukwaruze taratibu; kikikwama kwenye mfereji, ganda limeanza kukatika. Usilitumie tena, na bunduki ipumzike mpaka ipimwe.

Mbao ndizo watu huzipuuza, nami naona ndipo penye hasara kubwa. Mbao ya mbele hukaza mwili wa chuma kwenye sehemu mbili ndogo nyuma, karibu na kifyatulio, zinazopokea msukumo wa kila risasi. Mbao ikikauka ikasinyaa, chuma hucheza, sehemu hizo hupondeka, na ufa hutokea. Mafuta ya kitani mabichi, kidogo kidogo kwa kiganja, huizuia isikauke. Msasa usiuguse: unafuta mihuri na kulegeza vilivyokuwa vimebana. Na kwa SMLE, aina fupi iliyotangulia No. 4, usifungue skrubu ndefu ya kitako cha bunduki kabla ya kuondoa mbao ya mbele. Ncha yake ya mraba imeshikwa ndani ya mbao hiyo, ukiizungusha, unaipasua.

Ukishainunua, usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au ya turubai, kwa sababu hushika unyevu. Iweke kwenye kabati la chuma lililofungwa, bolti kando ikiwezekana, na kabla ya kuipiga tena pitisha kitambaa kikavu kuondoa mafuta kwenye mtutu na chemba.