Jinsi ya Kuitembea Pwani ya Amalfi kwa Boti ya Watu Wachache

Barabara ya Pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, ni moja, SS163, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima. Julai na Agosti mabasi hukwama kwenye kona zake hadi dereva mmoja arudi nyuma ampishe mwenzake. Anayetaka kuiona pwani hii aiendee kwa bahari. Na kama mfuko unaruhusu, achague boti ya watu kumi hivi badala ya meli inayobeba mamia.

Mimi hufanya kazi ya ubaharia kwenye boti hizo wakati wa msimu. Kiitaliano nilikiokota Watamu, nikiwatembeza wageni kwenye hifadhi ya bahari, maana Malindi na Watamu Waitaliano ni wenyeji wa siku nyingi. Nawaandikia Waswahili wanaokuja huku, kutoka nyumbani, Ghuba au Ulaya. Wengi hutazama picha na bei tu. Kinachoamua kama siku yako itakuwa tamu ni bandari unayoanzia, saa unayoondoka, na bahari imelalaje siku hiyo.

Hatua ya 1: Viza kwanza, boti baadaye

Italia imo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, hata kama anaishi Dubai, Muscat au London. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Usilipie boti kabla ya viza, isipokuwa kama kampuni inarudisha pesa zote ukighairi.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Msimu wa boti huanza karibu na Pasaka na kuisha Oktoba. Mwezi Mei maji yana kama nyuzi 19, na mtu wa Mombasa akitumbukia atapiga kelele. Agosti yanafika 26, lakini ndipo Italia nzima iko likizo, na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, hata pa kutia nanga ni shida. Mimi ningekuja katikati ya Juni au Septemba. Septemba bahari bado ina joto la kiangazi na watoto wa Kiitaliano wamerudi shule.

Hatua ya 3: Anzia Salerno au Amalfi

Matangazo mengi huanzia Sorrento, kwa sababu wageni wengi hulala huko. Tatizo ni ramani. Sorrento iko upande wa pili wa rasi, inatazama Ghuba ya Napoli. Ili uione Pwani ya Amalfi, boti lazima izunguke Punta Campanella, ncha ya rasi hiyo, na sehemu nzuri ya asubuhi yako inaliwa na safari ya kwenda tu. Sorrento ni bora kwa kisiwa cha Capri. Kwa Amalfi, hapana.

Salerno iko mwisho wa mashariki wa pwani. Treni ya kasi kutoka Napoli haimalizi saa moja, vyumba ni nafuu kwa mbali kuliko Positano, kijiji mashuhuri cha pwani hii, na gati ya Piazza della Concordia iko karibu na stesheni kiasi cha kutembea kwa miguu. Ukianzia hapa unaipata pwani yote kijiji baada ya kijiji. Kama boti uliyoipenda inaondokea Amalfi, panda feri ya asubuhi kutoka Salerno. Ni kama dakika 35.

Kuna wanaouza Capri, Positano na Amalfi kwa siku moja. Inawezekana, kwa maana kwamba utaviona vyote vikipita.

Hatua ya 4: Maswali kabla ya kulipa

Andika ujumbe, usitegemee tangazo. Swali la kwanza: watu wangapi, na boti ina urefu wa mita ngapi? Sheria ya Italia inaruhusu boti ya kukodi yenye nahodha kubeba abiria hadi 12. Kumi na wawili kwenye boti ya mita kumi au kumi na moja wanakaa kwa raha. Kwenye ya mita saba na nusu mtagusana magoti siku nzima. Boti ya kawaida ya huku huitwa gozzo. Ina umbo la mashua za wavuvi wa Sorrento: kifua kipana, kivuli upande wa tezi, yaani nyuma, magodoro ya kuota jua upande wa omo, yaani mbele.

Swali la pili ni kilichomo kwenye bei. Mafuta? Kiingilio cha pango la Grotta dello Smeraldo (Hatua ya 8)? Chakula, au vinywaji tu? Nafasi ya mtu mmoja kwa siku nzima mara nyingi huanzia karibu euro 80 na kuvuka 150 msimu ukikolea. Nyongeza ndogondogo ndizo zinazouma.

La tatu: mtashuka wapi, na kwa muda gani? Chini ya saa moja Positano ni kupanda ngazi na kuzishuka. La nne: bahari ikichafuka, wanarudisha pesa au wanakupa tarehe nyingine? Mwenye siku mbili tu Italia hana haja na tarehe nyingine.

Utakutana pia na boti za kukodi bila nahodha. Injini isiyozidi nguvu za farasi 40 na kitu haihitaji leseni ndani ya maili sita kutoka pwani, kwa hiyo yeyote mwenye umri anaweza kupewa ufunguo. Kama hujawahi kushika usukani baharini, pita mbali. Miamba ya hapa haionekani mpaka uifikie, na meli za abiria hazitakupisha.

Hatua ya 5: Isome bahari usiku uliotangulia

Pwani hii inatazama kusini, na nyuma yake imesimama milima ya Lattari. Ndiyo maana tramontana, upepo wa kaskazini, unaweza kuisumbua Ghuba ya Napoli na huku kwetu maji yametulia. Adui wa Amalfi ni scirocco kutoka kusini-mashariki na libeccio kutoka kusini-magharibi. Aliyekulia pwani yetu achukulie kuwa hizo ndizo kusi ya huku, ila hazina msimu: zinakuja siku mbili tatu, zinaondoka. Upepo ukishakata, mawimbi yanaweza kubaki hadi kesho yake, kwa hiyo mbingu ya buluu isikudanganye.

Utabiri wa Kiitaliano hutumia maneno machache. *Calmo* ni shwari. *Poco mosso* ni mawimbi yasiyozidi nusu mita, siku njema kabisa. *Mosso* ni kati ya nusu mita na mita moja na robo. Boti ndogo itaenda, lakini mwenye tumbo jepesi atateseka. *Molto mosso* hakuna safari, na nahodha akikuambia twende tu, baki nchi kavu.

Hata siku ya poco mosso, asubuhi ina heri kuliko mchana. Kiangazi upepo wa baharini huamka kuelekea adhuhuri, na boti za watu binafsi huongezeka, kila moja ikiacha mkia wa mawimbi. Kukiwa na safari ya 09:00 na ya 14:00, chukua ya saa tatu asubuhi.

Hatua ya 6: Mzigo mdogo

Kofia yenye kamba, mafuta ya kujikinga na jua (weusi wetu hauzuii kuungua, hasa mabegani), taulo, nguo kavu, mfuko wa simu usiopitisha maji, na sarafu za euro kwa ajili ya pango. Sanduku liache hotelini. Viatu utavivua ukipanda na vitakaa kapuni, hivyo vije vya kuvulika haraka. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika haikusaidii kitu.

Kama huli nguruwe au hunywi pombe, sema siku moja kabla. Kwenye boti hutolewa vipande vya mkate na prosciutto, ambayo ni nguruwe, na limoncello, pombe ya malimau, hugawiwa kama vile ni maji ya limau. Andika *niente maiale, niente alcol*. Wataleta jibini, nyanya na matunda bila maneno.

Hatua ya 7: Pa kukaa

Wote hukimbilia magodoro ya omo. Huko ndiko boti inakopiga zaidi na ndiko unakorowa. Mwenye kuchafukwa akae nyuma katikati, atazame upeo wa macho, simu aiweke mfukoni. Mwenye kutaka picha akienda magharibi akae upande wa kulia, kwa sababu nchi iko kulia. Kabla ya kuondoka muulize baharia jaketi okozi ziko wapi. Namba ya walinzi wa pwani ni 1530.

Hatua ya 8: Jua unachopita

Kutoka Salerno unaanza na Vietri sul Mare, mji wa kauri; kuba la kanisa lake limevikwa vigae vya rangi. Kisha Cetara, na hapa mtu wa pwani atajisikia nyumbani, maana kijiji kinaishi kwa jodari na anchovi, samaki wadogo kama dagaa. Anchovi hutiwa chumvi na kugandamizwa kwenye mapipa, na majimaji yanayodondoka, colatura, huwekwa kwenye tambi. Harufu yake ni ya ng'onda waliokomaa. Nunua kichupa.

Ukizunguka rasi ya Capo d'Orso unafunguka ufukwe wa Maiori, mrefu kuliko wote wa pwani hii. Majengo yake ni mapya kuliko ya jirani kwa sababu mafuriko ya Oktoba 1954 yalibomoa sehemu kubwa ya mji. Ngazi za mawe zilizofunikwa nyavu juu ya vijiji ni mashamba ya malimau ya sfusato, marefu na yenye ganda nene. Kutoka barabarani huwezi kuelewa kazi iliyoingia pale. Kutoka baharini unauona mlima mzima umejengwa kwa mikono.

Atrani, uliobanwa kwenye ufa wa mwamba, ndio manispaa ndogo kuliko zote Italia kwa eneo. Ukigeuza jicho tu, ni Amalfi. Usiione kuwa mji wa maduka ya sabuni. Ilikuwa dola ya wafanyabiashara wa bahari iliyofika Misri na Konstantinopoli, na sheria zake za bahari zilifuatwa kote Mediterania. Mji wa Pisa uliipora mwaka 1135, na dhoruba ya 1343 ikameza sehemu ya bandari. Pale gatini kuna sanamu ya Flavio Gioia, anayesifiwa kwa kubuni dira. Wanahistoria wanatilia shaka kama mtu huyo aliwahi kuwepo, lakini Waamalfi usiwaambie.

Baada ya Amalfi, kwenye eneo la Conca dei Marini, kuna Grotta dello Smeraldo, pango lililojulikana mwaka 1932 kupitia mvuvi wa hapa. Mwanga huingia kwa tundu lililo chini ya maji na kuyafanya yang'ae kijani. Boti yenu haiingii. Mnahamia mtumbwi wa makasia, na kiingilio mara nyingi hulipwa papo hapo. Bahari ikichafuka hufungwa. Foleni ikizidi nusu saa, mimi ningemwomba nahodha asonge mbele.

Furore ni bonde jembamba lenye daraja la barabara juu yake, mita 30 hivi kutoka majini. Dakika tano, picha, basi. Praiano ina utulivu ambao Positano iliupoteza zamani, na jua la jioni huishia huko. Positano yenyewe inapendeza zaidi ikiwa mita mia tatu mbele yako kuliko ukiwa ndani yake. Nasema hivi nikijua wengi wamekuja kwa ajili yake. Shukeni, lione kanisa la Santa Maria Assunta lenye kuba la vigae, mrudi.

Mbele zaidi ni Li Galli, visiwa vitatu vya mtu binafsi ambavyo hamruhusiwi kushuka. Wagiriki wa kale walivihusisha na viumbe nusu mwanamke nusu ndege waliowavuta mabaharia miambani kwa nyimbo. Karne iliyopita mcheza baleti Rudolf Nureyev alivimiliki hadi alipofariki mwaka 1993. Maji yake ni safi kuliko yote mtakayoyaona siku hiyo.

Hatua ya 9: Kuogelea

Hapa hakuna kutembea ndani ya maji kidogokidogo kama Diani. Ukishuka ngazi ya boti, kina kimeanza. Asiyejua kuogelea aseme mapema, avae jaketi na kushikilia ngazi, hakuna atakayemcheka. Subiri mpaka injini izimwe na nahodha aseme. Ogelea upande wa mwamba, usitoke upande wa bahari kuu, kwa maana boti nyingine zinapita kasi na kichwa cha mtu hakionekani.

Ukiona yavuyavu wadogo wa zambarau, toka. Wanachoma. Sehemu iliyochomwa isafishwe kwa maji ya bahari. Maji baridi ya bomba huongeza uchungu.

Hatua ya 10: Kushuka na kurudi

Bakshishi si lazima. Mkiridhika, euro tano hadi kumi kwa mtu zinatosha, na mpeni baharia mkononi. Kama mlipandia Amalfi na mnalala Salerno, asubuhi, kabla ya kuondoka, angalieni saa ya feri ya mwisho, kwani haingoji usiku. Mkiikosa kuna basi la kampuni ya SITA, lakini tiketi inunuliwe kabla ya kupanda, kwenye duka lenye alama ya herufi T, na maduka hayo nayo hufunga.