Kabla Hujajaza Risasi za Kaliba ya Kati: Kichwa Kwanza, Baruti Baadaye

Wengi wanaojijazia risasi za kuwindia, yaani wanaoziunganisha wenyewe kwa ganda, fataki, baruti na kichwa, huanza kwa kuuliza watumie baruti gani. Mimi naona swali hilo lisubiri. Jiulize kwanza unamfuata mnyama gani na utampiga kutoka umbali gani, maana majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, na kichwa ndicho kitakachokuchagulia baruti. Anayeanza na baruti huishia na kopo zuri mkononi huku akilitafutia kazi.

Ninaposema kaliba ya kati nazungumzia mitutu yenye tundu la takribani milimita 8.6 hadi 9.5: .338 Winchester Magnum, .35 Whelen, 9.3x62 na ndugu yake 9.3x74R, hadi .375 H&H Magnum. Hizi ni bunduki za wanyama wazito. 9.3x62 ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, na .375 H&H ikatoka Uingereza mwaka 1912. Mpaka leo zinawindiwa kwa sababu zinasukuma kichwa kizito kwa kasi ya wastani na kichwa hicho kinapenya. Anayetaka kasi kubwa na njia iliyonyooka kwa masafa marefu atafute kaliba ndogo, asizilazimishe hizi.

Sheria ziulizwe mapema. Ziko nchi ambako kujijazia risasi kunahitaji kibali, ziko ambako hakuruhusiwi kabisa, na mara nyingi kiasi cha baruti na fataki (kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti) unachoweza kuhifadhi nyumbani kina kikomo. Nchi kadhaa za Afrika zimeweka .375 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari, kwa hiyo risasi yako ya 9.3 inaweza kuwa nzuri sana na bado isikubaliwe kwa nyati.

Sasa kichwa. Uzito hupimwa kwa greini, na greini si gramu: gramu moja ni greini 15.4, na anayechanganya vipimo hivi kwenye mizani ya kidijitali anacheza na maisha yake. Uzito uliozoeleka kwa mnyama mkubwa ni greini 250 katika .338 (gramu 16.2), greini 286 katika 9.3 (gramu 18.5) na greini 300 katika .375 (gramu 19.4). Ukigawa uzito wa kila kimoja kwa mraba wa kipenyo chake, kwa ratili na inchi kama wanavyofanya watengenezaji, vyote vitatu vinakuja karibu na 0.30 au 0.31. Ni vichwa virefu kulingana na unene wake, na ndiyo maana vinafika ndani ya mnyama vikiwa bado vina nguvu. Kwa swala wa wastani si lazima uende huko juu. Kichwa cha greini 225 katika .338, au 250 katika 9.3, kinatosha, na bega lako litashukuru.

Namna kichwa kilivyotengenezwa ina umuhimu kuliko uzito wenyewe. Kile cha kawaida, moyo wa madini ya risasi ndani ya koti la shaba, hufanya kazi vizuri kwa kasi ya wastani na mnyama asiye mzito. Kikigonga mfupa mnene wa bega kinaweza kuachana na koti lake na kukatika vipande kabla ya kufika mapafuni. Ndiyo sababu John Nosler, mtengenezaji wa vichwa wa Marekani, alibuni katika miaka ya 1940 kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: mbele kinafunguka, yaani kinatanuka kinapogonga, nyuma kinabaki kizima na kuendelea kupenya. Baadaye vikaja vilivyounganishwa moyo na koti kwa joto au kemikali, na vya shaba tupu ambavyo hubaki na karibu uzito wake wote. Kwa mnyama mzito mimi ningechagua kimojawapo kati ya hivi na kusahau bei, kwa sababu gharama ya kichwa ni ndogo mno ikilinganishwa na mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani.

Vile visivyofunguka kabisa vina kazi yake kwa tembo na kwa nyati aliyekaa pembe mbaya, lakini vinatoka upande wa pili. Kama kundi limesimama nyuma ya mnyama wako, usipige.

Shaba tupu ina jambo linalowashangaza wanaoanza. Uzito mahususi wa shaba ni 8.96, wa madini ya risasi ni 11.34, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule ni kirefu zaidi. Urefu huo hula nafasi ya baruti ndani ya ganda, na pia unadai mtutu wenye msokoto wa kasi, yaani mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa ndani ya urefu mfupi zaidi. .35 Whelen inahitaji uangalifu hapa: ziko bunduki zenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 12 na ziko zenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 16, na hizi za pili zinaweza kushindwa kukituliza kichwa kirefu. Utajua ukiona tundu kwenye karatasi ya shabaha si duara bali limerefuka, alama kwamba kichwa kimefika kikiwa kimelala ubavu. Dawa yake ni kushuka uzito. Anayetumia greini 286 za madini ya risasi katika 9.3 anaweza kwenda greini 250 za shaba bila kupoteza kitu, kwa kuwa kichwa kisichopoteza uzito njiani hupenya kama kizito kinachopoteza.

Soma pia kasi ambayo mtengenezaji anasema kichwa chake hufunguka, ya chini na ya juu. 9.3x62 yenye greini 286 huanza kwa takribani mita 720 kwa sekunde, na kasi hiyo inashuka kila mita. Kichwa kigumu kikifika kikiwa kimechoka kitatoboa tundu dogo na mnyama ataenda mbali. Upande mwingine, kuna vichwa vya kipenyo kilekile vilivyotengenezwa kwa risasi za polepole zaidi, mfano vya .35 Remington, ambavyo vinaingia sawasawa katika ganda la .35 Whelen lakini vitapasuka mapema mno kwa mnyama mzito. Kuingia kwenye ganda hakumaanishi kinafaa.

Baada ya hapo ndipo baruti, na hapa mantiki ya kaliba ya kati inatofautiana na ile ya kaliba ndogo. Chukua ganda la .30-06, lipanue shingo, utapata .35 Whelen. Ganda ni lilelile, lakini mtutu ni mpana, kwa hiyo kichwa kinaposogea kila sentimita kinafungua nafasi kubwa zaidi nyuma yake na shinikizo linashuka haraka. Baruti inayowaka polepole haitawahi kujenga shinikizo la kutosha kabla kichwa hakijaondoka. Itakuachia chembe ambazo hazijaungua ndani ya mtutu na kasi inayoyumba kutoka risasi hadi risasi. Ndiyo maana .30-06 yenye kichwa cha greini 180 inaipenda baruti ya kundi la 4350 (namba hizi ni majina ya baruti), ilhali Whelen hupenda zile za kundi la 4064 na Varget, ambazo huwaka haraka zaidi. .375 H&H, yenye ganda kubwa, hukubali makundi yote mawili kulingana na uzito wa kichwa.

Kati ya baruti zinazopendekezwa, chagua ile inayojaza ganda hadi karibu na kitako cha kichwa. Baruti iliyojaa haihamihami ndani ya ganda, hivyo huwashwa kwa namna ileile kila mara. Faida kubwa zaidi ni usalama: ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, itamwagika mezani na utaiona. Hata hivyo, kabla ya kukaza kichwa hata kimoja, weka maganda yote kwenye kibao, mulika tochi ndani ya kila moja na ulinganishe vimo vya baruti. Lililo juu au chini kuliko wenzake limwage, ulipime upya.

Majina ya baruti yanadanganya. IMR 4350 na H4350 zina namba moja lakini ni baruti mbili tofauti, na vipimo vya moja havihamishiwi kwa nyingine. Umbo nalo liangaliwe. Vijiti virefu hukwama na kukatika kwenye kipimio cha ujazo, kwa hiyo vipimwe kwa mizani. Chembe za mviringo humiminika kama maji lakini ni ngumu kuwaka, na kitabu cha vipimo kikitaka fataki za magnum, zile zenye mwako mkali zaidi, usiweke za kawaida. Swali la joto nalo lina uzito kwa anayewinda mahali penye jua kali. Baruti nyingine hupandisha shinikizo joto linapoongezeka, na risasi iliyorekebishwa asubuhi ya baridi hadi ukingoni mwa kipimo inaweza kukwamisha bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, mchana baada ya kukaa kwenye gari lililoegeshwa juani. Ziko zilizotengenezwa zisiyumbe sana kwa joto, Varget na H4350 zikiwemo, na kwa bunduki ya mnyama hatari naziweka mbele hata kama zinanipunguzia mita chache kwa sekunde.

Vipimo vyote vitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, na ni vizuri kulinganisha viwili. Usichukue kipimo cha mtu kwa mdomo, wala usidhani vichwa viwili vya uzito mmoja ni sawa. Kinachogusa mtutu kwa urefu zaidi hupandisha shinikizo. Kwa kanuni za C.I.P., shirika lenye makao Ulaya linaloweka viwango vya usalama vya bunduki na risasi, kikomo cha shinikizo cha 9.3x74R ni bari 3,400, cha 9.3x62 ni bari 3,900, na cha .375 H&H ni bari 4,300. Hizo 9.3 mbili hutumia vichwa vilevile kabisa, lakini mwenye bunduki ya mitutu miwili, ambayo kwa kawaida hutumia 9.3x74R, akikopa kipimo cha 9.3x62 anaitesa bunduki yake. Tena mitutu hiyo miwili ilifungwa pamoja kwa kufuata uzito na kasi fulani. Ukibadilisha kimoja, risasi zake hazitakutana pale zilipopangiwa.

Anza na kiwango cha chini cha kitabu na upande kidogokidogo. Usishuke chini ya hicho pia, kwa kuwa baruti ya polepole iliyo kidogo katika ganda kubwa inaweza kuleta shinikizo la hatari. Mkono wa bolti ukiwa mzito kuinua, fataki ikibapa, au alama ya kung'aa ikitokea kwenye kitako cha ganda, simama hapo na urudi nyuma. Lakini dalili hizo huchelewa. Zinapoonekana, mara nyingi kikomo kimekwisha kuvukwa. Kifaa cha kupimia kasi husema mapema zaidi: kasi ikizidi ile ya kitabu kwa mtutu wa urefu uleule, shinikizo nalo limezidi, hata kama ganda linaonekana safi.

Teke la bunduki hizi linagonga risasi zilizobaki kwenye magazini na linaweza kusukuma kichwa ndani ya ganda. Shingo ishike imara, na penye mfereji kwenye kichwa mdomo wa ganda ubanwe hapo. Pima urefu wa risasi ya chini kabisa kabla na baada ya kupiga zile za juu yake.

Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti, na kinachobaki kwenye kipimio kirudi kwenye kopo lake siku ileile. Baruti yenye harufu ya tindikali au moshi mwekundu-kahawia imeharibika, usiitumie. Nunua baruti na vichwa vya toleo moja vinavyotosha majaribio na safari yote. Toleo likibadilika, shuka kipimo na uanze kupanda tena. Risasi utakazoenda nazo porini zipitishe zote kwenye magazini na chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, uwanjani na mtutu ukielekea pasipo na hatari, kisha andika kwenye boksi jina la baruti, uzito wake, kichwa, fataki na tarehe.