Somo: Kuotesha vinka ya kutambaa kwa mbegu

Vinka ya kutambaa ni mmea uleule, Catharanthus roseus wenye asili ya Madagaska, unaojiotea wenyewe kwenye mchanga wa pwani yetu. Tofauti ni umbo. Hii haisimami: kimo chake ni sentimita 15 hivi, na matawi hushuka sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye chungu cha kuning'inia. Ikishakomaa huvumilia jua na kiu kuliko maua mengi ya bustani. Wengi huipoteza ingali mche, na karibu kila mara kinachoiua ni maji.

Msimu. Pwani, sia masika yakishakatika, kuanzia Juni. Arusha, Iringa au Nairobi, subiri baridi ya Juni hadi Agosti ipite. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 18, mbegu hukaa bila kuota mpaka zinaoza.

Udongo wa kusia. Changanya sehemu 2 za unga wa makumbi ya nazi, sehemu 1 ya mchanga wa mtoni na sehemu 1 ya mboji iliyoiva, iliyochekechwa. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili au tatu, kwa kuwa mara nyingi huwa na chumvi. Mchanga wa baharini usiuguse kwa sababu hiyohiyo. Udongo wa bustani uliochotwa moja kwa moja huja na vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, na samadi mbichi huunguza mizizi. Lowesha mchanganyiko kabla ya kujaza trei, kisha ukamue mkononi: ushikamane bila maji kuchuruzika.

Kusia. Trei ya matundu 128 inafaa. Weka mbegu 1 au 2 kila tundu, fukia kwa milimita 3 hadi 5 za mchanganyiko huohuo, gandamiza kidogo kwa kidole. Nyunyiza mara moja kwa bomba la ukungu, basi.

Giza na joto. Hapa ndipo somo lilipo. Mbegu ya vinka inataka giza ili iote. Funika trei kwa plastiki nyeusi au trei nyingine iliyopinduliwa, uiweke ndani mahali penye nyuzi 24 hadi 27. Usiianike juani ikiwa na plastiki; chini yake joto hupanda haraka na mbegu zitapikika. Kuanzia siku ya 4 funua kila asubuhi uangalie. Ukiona vishingo vya kwanza vyeupe vimejipinda juu ya udongo, ondoa kifuniko siku hiyohiyo, hata kama nusu hazijatokeza. Miche ikikaa gizani siku mbili zaidi hurefuka, hulegea na kulala, na haitengenezeki tena. Zilizobaki zitaendelea kujitokeza hadi wiki ya pili.

Baada ya kuota. Iweke kwenye mwanga mwingi usio wa jua kali, penye upepo unaopita. Acha uso wa udongo ukauke na kubadilika rangi ndipo umwagilie, tena asubuhi, kwa kuikalisha trei kwenye sinia la maji dakika 10 kisha kuitoa. Majani ya kweli, yaani yale yanayofuata mawili ya kwanza ya mbegu, yakitoka, anza mbolea ya maji ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) 19-19-19, nusu gramu kwa lita, mara moja kwa wiki. Urea isiingie kwenye miche.

Kuhamisha. Miche ikiwa na jozi 3 za majani ya kweli, kwa kawaida wiki ya 5 au 6, ihamishe na donge lake la udongo bila kuchangua mizizi. Chungu cha kipenyo cha sentimita 30 kinatosha miche 4, na lazima kiwe na matundu chini. Izoeshe jua taratibu kwa wiki moja. Maua huanza kati ya wiki ya 10 na 14 tangu kusia. Hakuna haja ya kuchuma yaliyonyauka, yanadondoka yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Habari mwalimu. Majani yangu hujikunja saa sita mchana, namwagilia lakini hali inazidi. Nakosea wapi?

Jibu: Njema, dada. Gusa udongo kwanza. Majani yakijikunja na chungu ni chepesi, ni kiu. Maji yataufungua mmea ifikapo jioni. Lakini jani likining'inia, rangi imefifia, na udongo umelowa, mizizi inaoza na maji unayoongeza yanaimaliza. Tazama shina usawa wa udongo: doa la kahawia iliyokolea linalopanda juu ni kuoza kwa Phytophthora, kimelea cha kwenye udongo uliolowa. Ng'oa mmea na udongo wake, utupe mbali, na usirudishe vinka kwenye chungu hicho kabla ya kukisugua kwa maji ya jiki. Dawa zenye metalaksili hukinga mimea iliyo mizima. Hazifufui iliyokwisha oza.

Swali: Niko Unguja. Majani machanga yamekuwa njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Niongeze samadi?

Jibu: Hapana. Huo ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi udongo una chuma ila mmea haukifikii. Vinka hupenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 5.5 hadi 6, na maji ya kisima cha mwamba wa matumbawe yana chokaa inayoipandisha. Kinga maji ya mvua umwagilie hayo, na nyunyizia majani mbolea ya chuma kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ya zamani hayarudi kijani vizuri. Angalia majani mapya.

Swali: Nikikusanya mbegu zangu zitatambaa vilevile?

Jibu: Kama pakiti iliandikwa F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, watoto watatofautiana, baadhi watasimama. Kama siyo chotara, wengi watafanana na mama, mradi hakuna vinka nyingine karibu. Chuma maganda yakigeuka njano kuelekea kahawia, kabla hayajapasuka, uyakaushie kwenye bahasha. Mbegu zilizokomaa ni nyeusi.

Swali: Shikamoo. Mama mkwe anasema majani ya vinka yakichemshwa yanashusha sukari. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Mwambie kwa heshima asinywe. Vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazotolewa hospitalini kwa vipimo vya uangalifu mkubwa, chanzo chake ni mmea huu, na kwenye sufuria hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Chungu kitundikwe mahali ambapo mtoto na mbuzi hawafiki.