Somo: Kuandika mapitio ya kitabu na insha binafsi kwa ajili ya jarida la fasihi (soma kwanza kabla hujanifuata inboksi)

Mbukwenyi wakuu.

Wiki hii nimeulizwa mara tano: "Nataka kuandika kuhusu kitabu, naanzaje?" Wa mwisho alinikuta Nkuhungu, hapa Dodoma, kwenye foleni ya maji, nina dumu kila mkono. Sasa naandika mara moja, na kuanzia leo kila atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Nasaidia kusoma kazi zinazotumwa kwenye jarida dogo la fasihi. Kabla ya hapo nilikuwa mtumaji wa kurudishiwa, tena mara nyingi, kwa hiyo machungu yenu nayajua.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Mapitio yanamjibu mtu ambaye kitabu hajakisoma: kina nini, kimeandikwaje, je, kinastahili pesa na muda wake? Insha binafsi inaanza na wewe, na kitabu kinaingia kwa sababu kuna mahali kilikugusa. Ukiviandika vyote viwili kwa pamoja bila kujua unafanya nini, unapata kitu ambacho si ugali wala si uji.

Hatua ya 1. Soma kitabu. Chote.

Hatua ya 2. Kisome tena na penseli. Kama ni cha maktaba usikichore, chomeka vipande vya karatasi.

Hatua ya 3. Juu ya mapitio weka jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa, kwa nakala uliyoishika wewe. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, na baadaye ikachapwa na mchapishaji mwingine. Ukiandika "uk. 40" bila kusema toleo, mwenye nakala tofauti atapekua hadi akuchukie.

Hatua ya 4. Sahau kidato cha sita. Kazi nyingi zinazotufikia zinaenda hivi: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika bapa na duara, tamathali za semi, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Yote yamepangwa kama viazi vya barabarani. Mpango ule uliandikiwa msahihishaji, ambaye kitabu anakijua na mwongozo wa maksi anao mezani. Msomaji wa jarida hana mwongozo wowote. Anataka jambo moja ulilolibaini wewe, na ushahidi wake. Kama riwaya ina kisa cha kawaida lakini watu wake wanaongea kwa namna ambayo unawasikia kabisa, kaa kwenye mazungumzo hayo. Tuoneshe mawili au matatu, utuambie yanafanyaje kazi. Dhamira za ukombozi waachie wengine.

Hatua ya 5. Nukuu. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitachelewa kidogo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, najiona mhakiki. Nikaandika mapitio ya riwaya moja niliyoisoma sekondari. Kitabu chenyewe sikuwa nacho, nilikuwa na daftari langu la zamani, na humo mlikuwa na sentensi tamu niliyoipigia mstari mwekundu. Mapitio yote nikayajenga juu yake. Kichwa nilikitoa humo, na nikajaza aya nzima kueleza jinsi mwandishi yule anavyojua kupima maneno. Mhariri akanijibu kwa swali moja: "Ukurasa wa ngapi?" Nikapanda daladala hadi mjini, nikakipata kitabu kwa wale wanaotandaza vitabu chini, nikakaa Nyerere Square nikakisoma jalada hadi jalada. Haimo. Nikarudia. Haimo. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka: sentensi ile ilitoka kwenye kijitabu cha tahakiki cha fotokopi, vile tulivyokuwa tunanunua mitihani ikikaribia. Yalikuwa maneno ya mwalimu fulani akikieleza kitabu. Nilikuwa nimemsifu mwandishi kwa ufundi wa mtu mwingine. Mhariri yule sikumwandikia tena kwa mwaka mzima, kwa aibu.

Kwa hiyo: nukuu inatoka kwenye kitabu kilichofunguliwa mbele yako. Haitoki kwenye daftari, haitoki kichwani, na haitoki kwenye zile picha za mtandaoni zenye machweo ya jua na jina la mwandishi chini. Namba ya ukurasa iandike kwenye rasimu hata kama jarida haliichapishi. Nakili kama ilivyo. Mshairi akiandika kwa lahaja ya kwao, wewe si msahihishaji wake. Na tafadhali, anayesema "mimi" ndani ya riwaya si lazima awe mwandishi. Mlevi wa sura ya pili akitukana wanawake, huo ni mdomo wa mlevi. Nukuu fupi zinaruhusiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mradi utaje chanzo na jina la mwandishi. Shairi zima ulilolibandika katikati ya mapitio yako si nukuu fupi.

Hatua ya 6. Toa hukumu na sababu. "Kwa ujumla kitabu ni kizuri na nawashauri Watanzania wakisome" si hukumu, ni hotuba ya mgeni rasmi.

Hatua ya 7. Isome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, rekebisha.

Hatua ya 8. Soma maelekezo ya jarida, tuma, subiri.

Kwa wa insha binafsi, nyongeza moja tu: usianze na "Tangu utotoni nilipenda sana kusoma." Sote tulipenda. Anza na kitu kinachoshikika. Kitabu ulikikuta wapi? Kama kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha baba, pamoja na risiti za kodi ya kichwa, anzia kwenye sanduku. Mapenzi yako ya kusoma tutayaona wenyewe.

Maswali sasa. Mkwaju ndiye mimi.

Zabibu Chachu: Mkuu naomba mfano wa mapitio ya kitabu chochote, nibadilishe jina tu.

Mkwaju: Hapana.

Kijana wa Kisasa: Kitabu ni kikubwa, nimesoma muhtasari mtandaoni nikaelewa vizuri. Inatosha?

Mkwaju: Hatua ya 1. Ina maneno matatu.

Chaki Nyeupe: Nafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na moja huu. Unaposema "sahau kidato cha sita" unatudharau walimu. Bila fani na maudhui hao waandishi wako wangejua nini?

Mkwaju: Mwalimu, sijadharau mtu. Nimesema mpango ule una msomaji wake, na msomaji huyo si wa jarida. Wewe mwenyewe ukimsimulia mkeo riwaya uliyoisoma, unaanza na dhamira ndogondogo?

Chaki Nyeupe: Naanza na yule mama aliyeuza shamba.

Mkwaju: Basi anzia hapo hapo. Na nakubali jambo moja: bila fani na maudhui nisingejua hata kuita vitu kwa majina yake. Nyumba ikishasimama, majukwaa ya mafundi yanaondolewa, nyumba inabaki. Ndicho nilichotaka kusema, nikakisema kwa ukali.

Mwana wa Kongwa: Nataka kuandika kuhusu Peponi, ile tafsiri ya riwaya ya Gurnah. Kiswahili chake kimenikaa sana, lakini sijui namsifu Gurnah au mtafsiri.

Mkwaju: Swali zuri kuliko yote leo. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Kiswahili unachokipenda ni cha Ida Hadjivayanis, na tafsiri ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Kwa hiyo kisa, mpangilio na wahusika ni vya Gurnah. Uchaguzi wa neno, mdundo, namna watu wanavyoamkiana, hapo mtaje mtafsiri kwa jina, na tangu aya ya kwanza, usimfiche kwenye mabano. Ukiweza kupata nakala ya Kiingereza, chukua aya moja tu uilinganishe. Tena si lazima uone kosa. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare 1963 akaita Julius Caezar, kisha akarudi kuirekebisha, 1969 ikatoka Juliasi Kaizari. Mtu akirudia kazi yake mwenyewe, ukiziweka zote mbili mezani unaona kabisa anavyofikiri. Hiyo peke yake ni makala.

Zabibu Chachu: Na malipo je?

Mkwaju: Soma maelekezo ya jarida husika. Mengi hayalipi. Kama shida ni pesa, msimu wa zabibu Hombolo unalipa haraka zaidi.

Binti Mvumi: Samahani kaka Mkwaju, mimi si msomi sana. Je, inafaa kuandika kuhusu kitabu cha zamani? Nyumbani kuna kitabu cha Mnyampala kuhusu sisi Wagogo, kimechakaa, jalada limetoka.

Mkwaju: Inafaa mno, dada yangu, na wewe ndiye wa kukiandika. Mathias Mnyampala ni wa hapa hapa Dodoma, alizaliwa 1917, ndiye yule wa ngonjera. Historia, Mila na Desturi za Wagogo aliitoa 1954, na 1995 ikatoka kwa Kiingereza. Lakini usiandike mapitio, andika insha. Bibi yupo?

Binti Mvumi: Yupo. Macho ndiyo hayaoni vizuri.

Mkwaju: Basi msomee. Kurasa mbili mbili, jioni. Andika anapokunyamazisha, anapokukatiza na anapoongeza la kwake. Mwombe ruhusa kabla hujayatoa maneno yake, na umsomee rasimu kabla ya kutuma.

Fundi Gundi: Hilo jalada asitumie gundi ya viatu, inakauka na kupasua karatasi. Achemshe wanga mwepesi, apake kwa brashi, aweke tofali juu usiku kucha. Na avifunike vitabu kwa nailoni, vumbi la Dodoma linaingia hata kabatini.

Kijana wa Kisasa: Tofali la kuchoma au la saruji?

Fundi Gundi: Lolote, ila ulifunge gazeti.

Binti Mvumi: Nimeanza jana. Bibi kacheka hadi akakohoa, anasema kwao Mvumi hawakufanya hivyo hata siku moja.

Mkwaju: Hawakufanya nini? Na ni ukurasa wa ngapi?