Kabla hujanunua kitasa cha mlango, soma hii (hasa sie wa Kigoma)

Miaka kadhaa nyuma nilipanga chumba Mwanga hapa Kigoma, nyumba ya vyumba sita, kila mlango una kitasa kipya kinang'aa. Siku moja nimerudi usiku umeme hamna, nikachomeka funguo, nikazungusha, nikasukuma, nikajikuta naangaliana na jirani kakaa kitandani anakula ugali na migebuka kwa taa ya simu. Mlango wake huo, funguo yangu. Tulicheka kwanza, afu tukaacha kucheka, maana kesho yake tulizunguka nyumba nzima tukijaribu na tukakuta funguo moja inafungua vyumba vinne kati ya sita. Mama mwenye nyumba wala hakuwa na nia mbaya, alinunua vitasa vyote dukani siku moja, vya bei ya chini, aina moja, boksi moja.

Toka siku hiyo nikawa mtu wa kukagua vitasa, na nilichojifunza ni kwamba wengi tunanunua kitasa kama tunavyonunua viatu, tunaangalia rangi na uzito. Uzito hausemi kitu. Muuzaji atakupa mkononi atakwambia "sikia huo uzito bosi", wewe sikia halafu mwambie akupe na funguo zake uziangalie.

Vitasa vingi vya milango ya mbao hapa kwetu ni vile vya kuzamisha ndani ya mbao, vya leva. Ndani yake kuna vibati vidogo, hizo ndo leva, na kila kibati kinatakiwa kiinuliwe na jino la funguo mpaka kimo chake kamili, kikizidi au kikipungua ulimi (kile chuma kinachotoka kwenye kitasa na kuingia kwenye fremu) hautembei. Wazo hilo ni la zamani mno, Mwingereza Robert Barron alilisajili mwaka 1778 na mpaka leo ndo hilo hilo. Sasa cha leva 2 kina vibati viwili tu, maana yake funguo tofauti zinazowezekana ni chache, ndo hapo unakuta funguo ya kwako inafungua kwa jirani, na ndo hapo funguo malaya, zile zinazofungua kila kitasa, zinapofanyia kazi. Cha leva 3 afadhali, kiweke mlango wa chumbani. Mlango wa nje tafuta leva 5. Mara nyingi imeandikwa kwenye bati la mbele la kitasa, lile linalobaki linaonekana ukingoni mwa mlango. Kama haijaandikwa angalia jino la funguo, likiwa na mikato miwili mitatu mikubwa jua hicho ni kitasa cha stoo ya mkaa, mikato ikiwa mingi na kila mmoja una kina chake hapo mnaweza kuongea bei.

Ukikuta kimegongwa namba BS 3621 hiyo ni kipimo cha Uingereza, na kwa vitasa vya leva kinataka zisipungue 5, ulimi utoke milimita 20 na funguo tofauti zisizopungua 1,000. Sio kila duka utakipata na bei yake itakufanya ukohoe. Ila hata usipokinunua hizo namba zikae kichwani, hasa ile ya ulimi. Dukani zungusha funguo mpaka mwisho, toa rula, pima ulimi umetoka kiasi gani. Ulimi wa milimita 10 mtu akiegemea mlango na mtaimbo kidogo tu fremu inajipinda na ulimi unachomoka wenyewe, hajagusa kitasa kabisa.

Aina ya pili ni vya silinda, funguo bapa yenye meno kama msumeno. Hivi ndani vina pini ndogo na springi, Mmarekani Linus Yale Mdogo ndo aliutengeneza mtindo huu kwenye miaka ya 1860. Uzuri wake kwa mpangaji ni mkubwa: ukihamia nyumba mpya hubadilishi kitasa chote, unabadilisha silinda peke yake. Kuna skrubu moja ndefu kwenye ukingo wa mlango usawa wa silinda, ifungue, chomeka funguo izungushe kidogo kidogo huku unaivuta silinda, itatoka. Pima toka tundu la hiyo skrubu mpaka ncha ya kila upande, mfano 30 na 30 au 30 na 40, nenda dukani na namba hizo au bora nenda na silinda yenyewe. Usinunue ndefu kuliko mlango. Silinda ikichomoza nje zaidi ya milimita 3 hivi mtu anaikamata na kuivunja katikati, maana pale kwenye tundu la skrubu ndo pembamba kuliko pote. Na tafadhali mwenzangu ukihamia nyumba badilisha, wapangaji waliopita hujui walichonga funguo ngapi, na hata wao hawajui fundi wa kuchonga alibaki na ngapi.

Haya, sasa nije kwenye jambo ambalo linaniuma zaidi. Mwizi akikuta kitasa kizuri haangaiki nacho. Anaangaikia fremu. Au mlango wenyewe. Nimeona mlango wa flashi, ule mwepesi wa plaiwudi mbili na ndani mashimo, mtu kaufunga kitasa cha leva 5 kwenye mlango wa mbele, yaani teke moja tu kitasa kinabaki kimejifunga vizuri kabisa kwenye fremu na mlango umeingia sebuleni. Mlango wa nje uwe wa mbao nzima, mninga au mkongo ukiweza, na unene ufike milimita 45 hivi, kwa sababu fundi anapochimba tundu la kuzamisha kitasa anatoa karibu theluthi ya unene, mlango ukiwa mwembamba pande mbili zinazobaki zinakuwa kama biskuti.

Halafu kile kibati cha kwenye fremu ambacho ulimi unaingia. Mafundi wengi wanakifunga na skrubu mbili za nusu inchi, wengine hata hawakifungi, wanachimba tundu na tindo wanaondoka. Mwambie fundi skrubu ziwe ndefu, inchi 3, zipite fremu zikashike ukuta kwa plagi zake. Hilo tu ndo linaloongeza usalama kwa hela ndogo kuliko kitu chochote nilichoandika hapa. Bawaba nazo ziwe tatu, skrubu zote zimejaa, isiwe msumari umepigiliwa pale skrubu ilipopotea. Na kama mlango unafungukia nje, bawaba ziko nje, mtu anagonga pini anautoa mlango upande wa pili kitasa kikiwa kimefungwa. Fundi wa kuchomelea anaweza kuziba hizo pini kwenye milango ya chuma. Wa mbao, weka vipande vya nondo fupi upande wa bawaba vinavyozama kwenye fremu mlango ukifungwa, hata wakitoa pini mlango hauendi popote.

Kwa sie wa Kigoma kuna mambo ya hali ya hewa pia. Mvua zinaanza kwenye mwezi wa 10 au 11 mpaka wa 4 au wa 5, mbao inavimba, mlango uliofungwa kiangazi ukiwa umebana sawasawa unagoma kufunga, ulimi haukutani na tundu, watu wanaanza kupiga tupa fremu mpaka tundu linakuwa kubwa kama mdomo wa kikombe, kiangazi kikirudi mlango unacheza. Kwa hiyo acha nafasi ya milimita 3 kuzunguka mlango toka mwanzo, mbao iwe imekauka kweli kweli (mwambie seremala usoni, usione haya), na paka rangi au vanishi mpaka kingo za juu na chini ambazo hakuna anayeziona. Kutu hapa sio kama Dar, maji ya Tanganyika hayana chumvi, lakini ukikaa Kibirizi au Bangwe karibu na ziwa unyevu upo, kitasa chenye kiini cha shaba kitadumu kuliko cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu.

Mafuta usiweke. Najua watu wanaoweka mawese kwenye kitasa, aisee, mawese! Yakipoa yanaganda, vumbi linashika, ndani kunakuwa kama mandazi. Chukua penseli ya kawaida, ikwangue upate unga mweusi, upulizie tundu la funguo, au sugua penseli kwenye meno ya funguo uingize utoe mara kadhaa. Italainika.

Kufuli. Kwenye geti na mlango wa grili hatuna namna, lakini mlango wa chumba unaofungwa na kufuli nje unamtangazia kila mpita njia kwamba mwenyewe hayupo. Kama unalazimika, angalia ule upinde: uwe na unene wa milimita 8 kwenda juu, 10 ndo nzuri, na uwe chuma kigumu sio chuma cha kawaida, nyingi wanaandika HARDENED kwenye upinde wenyewe. Upinde ukiwa mfupi unaobana kwenye pete ni bora kuliko mrefu, maana hauachi nafasi ya kuingiza mtaimbo au mkasi wa kukatia nondo. Kufuli ya shaba mwili hauli kutu ila upinde wake uwe wa chuma kigumu. Na pete zenyewe! Kufuli kubwa kama kobe imening'inia kwenye pete zilizofungwa na skrubu nne zinazoonekana, mwizi anakuja na bisibisi, anafungua pete anakuachia kufuli yako. Tumia bolti za kichwa cha mviringo nje na nati ndani, kwenye chuma chomelea.

Vitasa vya alama za kidole na namba za siri vimefika, wengi wananiuliza. Vinatumia betri kwa hiyo umeme ukikatika vinaendelea, ila betri ikiisha unategemea funguo ya akiba, na ile funguo ya akiba ukiiangalia mara nyingi inaingia kwenye silinda ya hovyo. Hela hiyo anza na mlango na fremu.

Jambo moja la uhai sio la wizi. Usijifungie ndani usiku kwa kufuli kwenye grili afu funguo ukaificha kabatini, madirisha yana nondo, moto ukitokea giza na moshi huwezi kutafuta kabati. Funguo ya mlango wa kutokea ikae sehemu moja inayojulikana na wote hadi watoto, karibu na mlango lakini mbali na mkono wa mtu wa dirishani. Milango ya ndani ya kulala weka komeo la kusukuma kwa kidole, linatosha.

Siku ya kununua nenda na vipimo vitatu: unene wa mlango, umbali toka ukingo wa mlango mpaka katikati ya tundu la funguo (mlango wa chuma mwembamba unahitaji kitasa chembamba, wengi wanarudishana dukani kwa hili), na mlango unafungukia kushoto au kulia. Boksi lifunguliwe mbele yako, hesabu funguo, zungusha kila moja, maana utakuta tatu zinafungua vizuri na ya nne inakwama. Ukinunua viwili vya aina moja jaribu funguo ya hiki kwenye kile, hapo hapo kaunta, muuzaji atakukunjia uso kidogo, mwache akunje. Kile kikaratasi au kibati chenye namba ya funguo kitoe, usitembee nacho kwenye mkufu wa funguo, kuna mtu anaweza kuchonga kwa namba hiyo. Fundi akimaliza kufunga usimlipe bado, jaribu kwanza mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa, kisha funga toa ulimi wote na uusukume kwa bega toka nje, ukisikia kitu kinalia kwenye fremu mrudishie bisibisi yake.

Mie funguo yangu ya akiba iko kwa dada Ujiji. Mbali kidogo usiku, nauli ya bodaboda inauma, lakini sijaiweka chini ya ndala mlangoni.