Somo: Kuchora mashua na merikebu ufukweni kwa wino, kwa mtindo wa Van de Velde

Leo tunamfuata Mholanzi Willem van de Velde mdogo (1633–1707). Alifunzwa uchoraji wa vyombo vya baharini na baba yake, aliyebeba jina hilohilo, mzee aliyekuwa akitoka na chombo kidogo hadi katikati ya vita vya baharini ili achore anayoyaona.

Hatua ya 1. Laza karatasi kwa upana. Piga mstari wa upeo wa macho chini, kwenye robo ya karatasi. Uholanzi ni tambarare, kwa hiyo anga ndiyo inayobeba picha.

Hatua ya 2. Kwa penseli nyepesi, chora mashua moja iliyokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa. Usiharakishe hapa. Anza na mkunjo wa ubavu, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kwa mkono mmoja usiokatika. Mashua za pwani ile zina kitako bapa, ndiyo maana hukaa wima bila magogo. Tanga lake la pembe nne husimamishwa na mti unaopanda mshazari kutoka chini ya mlingoti hadi pembe ya juu. Ukiukosea mti huo, tanga lote litaonekana limening'inia hewani.

Hatua ya 3. Zimua wino kwa maji mengi, upake kwa brashi upande wa kivuli tu. Subiri ukauke.

Hatua ya 4. Sasa kalamu. Vya karibu vipewe mistari mizito. Merikebu za mbali, milingoti na matanga vinatosha, kamba ziache. Maji nayo usiyachore: vistari vichache vya mlalo, na weupe wa karatasi utafanya kazi iliyobaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ule ubao mpana unaoonekana ubavuni mwa mashua hizi ni wa nini?
Jibu: Uko kila upande. Chombo hakina mkuku mrefu (ule mti wa chini unaokata maji), hivyo ubao wa upande upepo unakoelekea hushushwa majini kisisukumwe kombo.

Swali: Wino wowote utafaa?
Jibu: Ndiyo, mradi hauchuruziki ukiloa. Ukipata wa kahawia, bora zaidi.

Swali: Michoro ya Van de Velde tuitazame wapi?
Jibu: Makumbusho ya bahari ya Greenwich, London, yana mingi sana, maana baba na mwana walihamia Uingereza kumtumikia Mfalme Charles wa Pili. Ifungue kwenye tovuti yao, utafute ile ambayo penseli bado inaonekana chini ya wino. Hiyo ndiyo inayofundisha.